Ile asilimia 93 ya mawasiliano: ilitoka wapi, na kwa nini maneno bado yana kazi

Ukihudhuria semina ya uongozi, ya ndoa au ya kuzungumza mbele za watu, kuna dakika ambapo mkufunzi huandika namba tatu ubaoni: 7, 38, 55. Maneno, anasema, hubeba asilimia 7 tu ya mawasiliano. Sauti hubeba 38, mwili 55. Washiriki wanaandika. Baada ya siku chache namba hizo zimeshaingia kwenye video fupi, kwenye mahubiri na kwenye makundi ya WhatsApp, na kijana aliyepewa kazi ya kuzungumza kwa niaba ya familia harusini anaanza kufanya mazoezi ya kusimama na kurusha mikono kabla hajajua atasema nini.

Namba zenyewe hazikubuniwa, zina utafiti nyuma yake. Kilichoharibika ni kile zinachodaiwa kusema, na uharibifu huo una gharama, kwa sababu unawafanya watu wenye nia njema wahangaikie mkao na kuacha kuchagua maneno yao.

Zijaribu nyumbani. Fungua taarifa ya habari kwa lugha usiyoijua kabisa, tuseme Kikorea. Uso wa mtangazaji unauona, sauti yake unaisikia. Kama viwili hivyo vingebeba asilimia 93, ungepata karibu habari yote. Lakini utakachopata ni kwamba jambo ni zito au ni jepesi. Nani, wapi, lini, kiasi gani: hakuna.

Au chukua Kiswahili chetu. "Hajafika" na "hakufika" vinaachana kwa silabi moja fupi, na tofauti yake ni kama mtu anawekewa chakula au sufuria inaoshwa. "Nimelipa" na "nimelipwa" vinaachana kwa herufi moja. Ukikosea hapo, deni linahama mfukoni mwa mtu na kuingia mfukoni mwa mwingine. Hakuna uso wala mkono unaoweza kuibeba hiyo "w".

Mwaka 1967 mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha na wenzake tafiti mbili ndogo. Katika ya kwanza, watu walisikilizishwa neno mojamoja lililorekodiwa: mengine ya upendo kama "mpenzi" na "asante", mengine ya katikati kama "labda", mengine ya ukali. Kila neno lilitamkwa kwa sauti ya kupenda, sauti ya kawaida na sauti ya kuchukia. Kisha waliulizwa kama msemaji anaonekana kumpenda au kutompenda anayesema naye. Katika utafiti wa pili lilitumika neno moja tu, "labda", likiambatana na picha za nyuso. Baadaye matokeo ya tafiti hizo mbili yaliunganishwa, na hapo ndipo zikazaliwa 7, 38 na 55.

Angalia kilichokosekana. Hakuna mshiriki aliyesikia hata sentensi moja nzima. Hakuna aliyeona mwili. Zilikuwa picha za uso, kwa hiyo ile 55 inayopewa mikono, mabega na miguu haikuwahi kupima viungo hivyo. Na swali lilikuwa moja: anapenda au hapendi? Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo inahusu hisia na mitazamo ya mtu, na kwamba haifai pale ambapo mtu anazungumzia jambo jingine.

Kilichobaki baada ya kuondoa chumvi bado ni kitu cha maana. Mtu anaposema "sijakasirika" huku anakitua kikombe mezani kwa kishindo, tunakiamini kikombe. Neno na sauti vikigombana kuhusu hisia, sauti na uso vinashinda. Mpaka wa ugunduzi ni hapo.

Maneno machache kabla hatujaendelea

Watu wengi wanapofikiria mawasiliano huwa na picha ya kutuma pesa kwa simu. Unamtumia ndugu yako shilingi 10,000, anapokea 10,000, na simu zote mbili zinaingia ujumbe wa uthibitisho. Kilichotoka ndicho kilichofika. Picha hii ilipata nguvu kutoka kwa mhandisi Claude Shannon wa maabara za Bell, Marekani, ambaye mwaka 1948 alieleza jinsi ujumbe unavyosafiri kwenye waya: kuna chanzo, kuna njia, kuna kelele njiani, kuna upande wa kupokea. Vitabu vingi vya mawasiliano vilichukua mchoro wake na kuweka watu wawili pale palipokuwa na mashine. Shannon alikuwa ameonya mapema, mwanzoni kabisa mwa makala yake, kwamba maana ya ujumbe haikuwa sehemu ya tatizo alilokuwa akilishughulikia.

Kwa binadamu, picha iliyo karibu zaidi na ukweli ni kumwelekeza mgeni njia. "Ukishuka kituoni, fuata barabara ya vumbi, ukifika kwenye mwembe kata kulia." Ramani iko kichwani mwako. Humtumii ramani. Unampa maneno, naye anachora yake, kwa miembe anayoijua yeye. Kama barabarani kuna miembe miwili, atakata kwenye wa kwanza.

Kwa hiyo katika makala hii ujumbe ni kile kinachosikika au kuonekana, na maana ni kile msikilizaji anachokijenga kutokana nacho. Kelele ni chochote kinachopotosha ujenzi huo: jenereta nje ya dirisha, ndiyo, lakini pia njaa, kinyongo cha wiki iliyopita, na neno lenye maana mbili. Mrejesho ni ishara yoyote inayomrudia msemaji kumwonyesha maana iliyojengwa upande wa pili. Bila mrejesho, msemaji anajua alichosema tu. Alichoeleweka hakijui.

Kelele ya lugha ndiyo inayodharauliwa zaidi, na Kiswahili kina mitego yake. "Kikao kesho saa 8:00." Mtu anayesoma saa kwa Kiswahili atafika mchana. Aliyezoea kuandika tarakimu za saa kama simu yake inavyoonyesha atafika asubuhi, atakuta mlango umefungwa, na ataondoka amekasirika. Dawa ni neno moja: "saa 8 mchana" au "saa 2 asubuhi". Mtego wa pili ni swali la kukanusha. "Hujamlipa fundi?" Mmoja anajibu "ndiyo" akimaanisha ndiyo, sijamlipa. Mwingine anajibu "ndiyo" akimaanisha nimeshamlipa. Panapohusika pesa au dawa, usiulize hivyo. Uliza "umeshamlipa?" na usiridhike mpaka usikie kitenzi: nimemlipa, sijamlipa.

Mtego wa tatu ni "sawa". Huweza kuwa nimesikia, nimekubali, au tumalize maongezi haya niondoke. Fundi akikwambia sawa baada ya kumweleza vipimo vya dirisha, una sawa ya kwanza tu. Mwombe akusomee alichoandika.

Tabaka mbili katika kila sentensi

Mwaka 1967 huohuo Paul Watzlawick na wenzake, waliofanya kazi Palo Alto, California, waliweka wazi jambo ambalo wazee wetu walikuwa wanaliishi: kila ujumbe una tabaka mbili. Moja ni habari. Nyingine inasema mimi na wewe ni nani kwa kila mmoja wetu.

Salamu zetu karibu zote ni tabaka la pili. "Shikamoo" haimpi mzee habari yoyote mpya, na "marahaba" haimwongezei kijana chochote cha kuandika. Lakini ziondoe uone. Ukimpigia simu shangazi yako na kuanza na "nitumie namba ya yule fundi", habari imefika salama, na bado umemwambia jambo jingine ambalo hukukusudia. Kwenye simu za maandishi kosa la kawaida ni la upande wa pili: mtu anaandika "Mambo" halafu ananyamaza, akisubiri ajibiwe ndipo aseme shida yake. Mpokeaji yuko kazini, hajui kama ni msiba au ni salamu tu. Weka salamu na hoja katika ujumbe mmoja. Heshima inabaki, na mwenzako anajua kama aache alichoshika.

Mfano bora zaidi wa tabaka hizi ni kanga. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi. Mwanamke anaweza kujifunga kanga yenye jina kali na kupita uani mbele ya jirani au wifi yake bila kufungua mdomo. Ujumbe umesafiri. Akiulizwa, atasema amevaa nguo. Maana yote imejengwa na aliyesoma, na kinachomfanya aisome hivyo ni uhusiano uliopo baina yao. Jina hilohilo mbele ya mgeni asiyewajua ni maandishi tu kwenye kitambaa. Anayetaka kuelewa kwa nini maana haikai ndani ya maneno peke yake aanzie uani.

Sasa ingia ndani ya nyumba.

"Umechelewa."
"Foleni ilikuwa mbaya."
"Kila siku foleni."
"Sasa ulitaka niruke?"

Mume amejibu tabaka la habari, na amejibu kweli: foleni ilikuwepo. Mke alikuwa anazungumza kwenye tabaka jingine. Nimebaki na watoto tangu jioni, chakula kimepoa, na hukuona hata haja ya kupiga simu. Kila jibu sahihi kuhusu foleni linathibitisha kwamba hilo halijasikika. Angejibu, "Nimekuacha unasubiri, hata simu sikupiga," maelezo ya foleni yangepata nafasi baadaye, kama yangehitajika. Magomvi mengi ya nyumbani yana umbo hili: wawili wanazungumza, kila mmoja yuko kweli kwenye tabaka lake, na hakuna anayehama.

Kusikiliza kunashindwa wapi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima mazungumzo katika lugha kumi za mabara tofauti, na ukaona kwamba kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kuanza kujibu, kwa kawaida hupita muda unaozunguka moja ya tano ya sekunde. Ubongo nao unahitaji zaidi ya nusu sekunde kuandaa hata neno moja la kutamka. Hesabu hiyo ina jibu moja: tunaanza kutunga jibu wakati mwenzetu bado anazungumza. Hivyo ndivyo mazungumzo yanavyowezekana, kwa hiyo hapa hakuna kosa la malezi wala utovu wa adabu. Tatizo ni kwamba katika maongezi mazito jibu tulilolitunga mapema linaziba masikio tusisikie sentensi ya mwisho, na mara nyingi watu wetu huweka jambo lenyewe kwenye sentensi ya mwisho, baada ya kuzunguka.

Kinachosaidia ni kurejesha. Mwenzako akimaliza, mpe kwa maneno yako kile ulichokielewa, habari na hisia, kisha mwachie nafasi akusahihishe: "Kama nimekuelewa, hela ya ada umeipata, ila kinachokuumiza ni kwamba kaka hakukushirikisha. Ndivyo?" Hiyo "ndivyo?" ndiyo kazi nzima. Akisema "hapana, si hivyo", umefanikiwa, maana umegundua mwembe wa pili kabla hujapotea.

Kurejesha huharibika kwa njia zinazojulikana. Kurudia maneno yaleyale neno kwa neno kunasikika kama kejeli. Kuunganisha na "lakini" kunafuta yote uliyorejesha. Swali la "kwa nini" husikika kama la polisi; "ilikuwaje?" huuliza kitu kilekile bila kumfanya mtu ajitetee. Na wapo wanaodaka hoja ya mwenzao na kuifanya yao: "Hata mimi mwaka juzi..." Wanadhani wanaonyesha kwamba wanaelewa. Msimulizi anaona zamu yake imechukuliwa.

John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliona kwamba ndoa zilizodumu vizuri hazikuwa zile zisizogombana. Wanandoa hao waligombana, ila katikati ya ugomvi mambo mema (kutania kidogo, kugusa mkono, kukubali kosa dogo) yalizidi mabaya kwa takriban matano kwa moja. Aliyataja mambo manne yanayobomoa: kushambulia tabia ya mtu badala ya jambo alilofanya, dharau, kujitetea kila wakati, na kujifungia kimya. Dharau aliiweka kuwa mbaya kuliko zote. Ni lile jicho la kupandisha na kushusha, ni kusonya, ni kumwita mtu "mheshimiwa" kwa sauti ya kumkejeli. Kuhusu kujifungia, mara nyingi si ukatili. Moyo ukishapiga zaidi ya mapigo 100 kwa dakika katikati ya ugomvi, mtu hana tena uwezo wa kusikiliza vizuri. Hapo anahitaji mapumziko ya angalau dakika 20. Lakini ayaombe kwa maneno na aseme atarudi lini: "Nipe nusu saa, nikirudi tutaliongea." Kuondoka bila sentensi hiyo, mwenzako ataisoma kama kanga.

Na hapa tuliondoe jambo moja linalorudiwa sana vijiweni na kwenye mafundisho ya ndoa: kwamba mwanamke huongea maneno 20,000 kwa siku na mwanamume 7,000. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuwarekodi wanafunzi 396 kwa vinasa sauti vidogo walivyotembea navyo. Wanawake walikadiriwa kufikia maneno kama 16,200 kwa siku, wanaume kama 15,700. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Anayemwambia mkewe kwamba kuongea ni maumbile ya wanawake anajitafutia ruhusa ya kutosikiliza.

Kikao cha watu kumi na wawili

Kundi si mtu mmoja aliyekuzwa. Watu wanne wana njia 6 za kuunganisha wawili wawili. Watu 12 wana njia 66. Watu 30 wana 435. Ndiyo maana kamati ya harusi ya watu wanne inamaliza kwa saa moja, na ya watu 30 inaongeza vikao hadi wiki ya mwisho huku nusu ya wajumbe wakiwa hawajui ukumbi umebadilishwa. Kamati kubwa inafaa kuchangisha. Kuamua kuachwe kwa watano au sita.

Hatari kubwa ya kundi, hata hivyo, ni ukimya wa mtu anayejua. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus waliwapa wanafunzi kazi ya kuchagua mgombea wakiwa kwenye makundi madogo. Baadhi ya habari walipewa wote, nyingine alipewa mmoja mmoja, na ziliwekwa kwa namna ambayo mgombea bora angeonekana tu kama kila mtu angetoa alichokuwa nacho. Makundi mengi yalimkosa. Waliongea zaidi yale ambayo wote walikuwa wanayajua tayari, kwa sababu jambo linalojulikana na wengi linaungwa mkono haraka na kumfanya aliyelitaja aonekane ana akili.

Kamati yetu nayo inafanya hivyo. Saa nzima inakwisha kwenye bei ya ukumbi, ambayo kila mtu ameiona kwenye karatasi. Mjumbe mmoja, kijana aliyewahi kuhudumu kwenye ukumbi huo, anajua kwamba jenereta lake halibebi jiko, friji na muziki kwa pamoja. Hajaulizwa. Mwenyekiti, mjomba wa bwana harusi, ameshasema "mimi naona ukumbi huu unatufaa", na watatu wamefuata: "naunga mkono hoja." Sasa kijana akisema, hasahihishi tena habari ya jenereta. Anampinga mjomba mbele ya watu. Tabaka la uhusiano limemeza tabaka la habari.

Solomon Asch alionyesha nguvu hiyo mwaka 1951 kwa jambo rahisi kuliko ukumbi: urefu wa mistari kwenye karatasi. Mtu mmoja aliwekwa kati ya wengine waliopangwa kutoa jibu la uongo kwa makusudi, na takriban theluthi moja ya majibu yake yalifuata uongo wa kundi ingawa mistari aliiona kwa macho yake. Lakini alipokuwepo mtu mwingine mmoja tu aliyesema jibu sahihi, kufuata huko kulishuka sana. Mmoja anatosha.

Kwa hiyo mwenyekiti anayejali matokeo azungumze mwisho. Kabla ya mjadala, kila mjumbe aandike mistari miwili kwenye karatasi, anachokiona na anachokijua kuhusu jambo hilo, na karatasi zisomwe na katibu bila majina. Dakika tano zinatosha. Badala ya "kuna mwenye maoni tofauti?", swali linalomtaka mtu ajitangaze kuwa mpinzani, ulizeni "kuna habari gani kuhusu ukumbi huu ambayo bado hatujaisikia?" Kijana sasa anaombwa mchango. Na kikao kisifungwe kwa "tumekubaliana" peke yake. Katibu asome: nani, atafanya nini, hadi lini. Kazi iliyoandikwa "kamati itafuatilia" haina mwenyewe.

Kusimama mbele za watu

Wanaouza mafunzo hupenda kusema kwamba binadamu anaogopa kuhutubia kuliko kufa. Chanzo chake ni kura ya maoni ya Marekani ya mwaka 1973, ambapo watu waliweka alama kwenye orodha ya vitu wanavyoviogopa: asilimia 41 waliweka kwenye kuzungumza mbele ya kundi, asilimia 19 kwenye kifo. Kuhesabu ni wangapi wanakitaja kitu si kupima wanakiogopa kiasi gani. Wengi zaidi wanalalamikia mbu kuliko simba. Watafiti walipokuja kuwauliza wanafunzi kuchagua hofu moja iliyo kubwa kuliko zote, kifo ndicho kilichochaguliwa zaidi.

Woga wenyewe ni wa kweli, na kuna habari moja inayoupunguza. Msemaji husikia moyo wake ukipiga kama ngoma na kuamini ukumbi mzima unausikia. Hausikiki. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba wasemaji hukadiria woga wao unaonekana zaidi ya wasikilizaji wanavyouona, na kwamba walioelezwa hivyo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi kuliko wasioelezwa. Kwa hiyo usianze kwa kuomba radhi kwamba una woga. Unawafundisha kuutafuta.

Tatizo lililo kubwa kuliko woga ni wimbo unaosikika kichwani mwa msemaji peke yake. Mwaka 1990 Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaambia watu wapige mdundo wa nyimbo maarufu mezani kwa vidole, wenzao wautambue wimbo. Wapigaji walitabiri kwamba nusu zingetambuliwa. Katika nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Mpigaji anasikia ala zote kichwani, msikilizaji anasikia ko, ko-ko, ko. Daktari anayesema "shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa" mbele ya kijiji anagonga meza. Tafuta mtu mmoja asiyejua fani yako, mweleze hoja yako kwa dakika mbili, kisha mwombe akueleze yeye. Palipopotea ndipo pa kurekebisha hotuba.

Sikio haliwezi kufungua ukurasa wa nyuma. Sentensi inayosomeka vizuri gazetini, yenye "ambayo" tatu ndani yake, ukumbini inakufa katikati. Dakika tano zinabeba hoja moja na mifano miwili. Dakika kumi na tano, hoja tatu, na kila unapovuka utangaze: "Hayo ni ya ada. Sasa usafiri." Itifaki nayo ina kazi yake ya tabaka la pili, lakini ikipita nusu dakika inakula muda ambao wasikilizaji wangali wapya, mtaje mgeni rasmi na wenyeji, kisha "itifaki imezingatiwa" inatosha.

Kuhusu mwendo, usichukue kama kilivyo kipimo cha maneno 130 hadi 150 kwa dakika kinachotolewa kwa wasemaji wa Kiingereza. "Hatutawaambia" ni neno moja kwetu, na kwao ni matano. Pima mwenyewe: soma karatasi yako kwa sauti ya ukumbini, umesimama, huku saa ya simu ikikimbia, halafu ongeza robo kwa ajili ya makofi, vicheko na kupumua. Ikizidi muda uliopewa, kata hoja nzima. Ukiharakisha maneno, utabaki na hoja zote na hakuna atakayezikumbuka.

Maiki huangusha hotuba nyingi kuliko mikono. Ishike chini kidogo ya mdomo, umbali wa ngumi moja, kichwa chake kikielekea kinywani, na isogee pamoja na uso unapogeuka. Usikifunike kichwa chake kwa kiganja na usisimame mbele ya spika: sauti inayotoka kwenye spika itaingia tena kwenye maiki, ikuzwe, itoke, iingie tena, mpaka ule mluzi unaowafanya watu wazibe masikio. Usiipulize kuijaribu. Sema salamu yako tu. Wakiitikia wa nyuma, inafanya kazi.

Mikono yako ikae inapokaa unapoongea na jirani, na itaamka yenyewe hoja ikiwa na moto. Macho ndiyo ya kuyapangia: sentensi moja nzima kwa mtu mmoja, kisha mwingine wa upande wa pili wa ukumbi, na mmoja wa safu ya mwisho. Utaona anayekunja uso kwa kutoelewa, na utarudia kabla hujaenda mbali.

Ukifika wakati wa maswali, anayeuliza mara nyingi hana maiki. Walio nyuma wanasikia jibu tu, hawajui limejibu nini. Kabla hujajibu, rudia swali kwa maneno yako kwenye maiki, kisha mwangalie muulizaji: "Umeuliza kama mchango ukichelewa mtu anaondolewa kwenye orodha. Ndivyo?" Subiri atikise kichwa. Ndipo ujibu.